Madaraja ya Zambezi: Nani Aliyetaka Kuvuka?

Kabla ya reli, Zambezi ulikuwa njia, si kizuizi. Wafanyabiashara wa Kiswahili waliotoka Kilwa na Sofala, na baadaye Angoche, waliingia mdomoni mwake wakapanda nao hadi Sena na Tete, wakifuata dhahabu ya dola ya Mutapa. Wareno walipoishika Sofala mwaka 1505, biashara hiyo haikufa. Ilihamia Angoche na kwenye mikono ya mto ambayo wageni walikuwa bado hawajaijua. Mwaka 1531 Wareno nao wakapanda mto na kuweka kituo Sena, mahali ambapo Waislamu walikuwa wamekwisha kujenga na kuoa. Miaka arobaini baadaye jeshi la Francisco Barreto likapiga kambi hapo, njiani kwenda kuitafuta migodi. Farasi wakaanza kufa kwa mbung'o, askari kwa homa. Wakubwa wa jeshi wakasema ni sumu ya Waswahili, wakawakamata na kuwaua kwa mateso ambayo hata waandishi wao wenyewe waliyaandika. Barreto naye hakutoka salama: alifia Sena mwaka 1573.

Katika habari hizo zote za dhahabu, farasi na damu, hakuna anayetaja haja ya daraja. Mzigo ulikwenda mashariki na magharibi, kama mto wenyewe unavyokwenda, na mwenye shida ya ng'ambo alipanda mtumbwi. Zambezi, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,500, uligeuka kizuizi siku mzigo ulipoanza kwenda kusini na kaskazini. Ndiyo maana ukitaka kujua daraja fulani la Zambezi limefikaje pale lilipo, usimuulize mhandisi kwanza. Uliza ni nani aliyetaka kuvuka, na alikuwa amebeba nini.

Wa kwanza alikuwa Cecil Rhodes. Ndoto yake ya reli ya kutoka Cape Town hadi Cairo inajulikana, lakini reli haiendi kwa ndoto, huenda kwa makaa. Makaa ya mawe yalikuwa Wankie, ambako leo ni Hwange, kaskazini-magharibi mwa Bulawayo. Njia ikapindishwa kuyafuata, na ukishafika Wankie, mahali pa karibu pa kuvukia ni kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ambayo David Livingstone aliyaita kwa jina la malkia wake mwaka 1855. Rhodes alitaka daraja liwe karibu na maporomoko kiasi cha manyunyu kuyalowesha mabehewa. Alikufa Machi 1902 bila kufika huko hata siku moja. Manyunyu aliyaagiza kwa kusikia tu.

Mahali penyewe pakachaguliwa na Sir Charles Metcalfe, rafiki yake na mhandisi wa reli: korongo la pili, chini kidogo ya maporomoko, penye mwamba mgumu kila upande na upana usiotisha. Mchoro ulitoka ofisi ya Sir Douglas Fox huko London, kwa mkono wa G. A. Hobson. Ni tao moja la chuma lenye urefu wa mita 156 na nusu kutoka mguu hadi mguu, mita 128 juu ya maji ya kiangazi, na daraja zima lina urefu wa mita 198. Kampuni ya Cleveland Bridge ilikata vipande vyote kiwandani Darlington, kaskazini mwa Uingereza, ikaviunganisha uwanjani kwake kuona kama vinaingiana, ikavifungua tena, ikavipakia melini hadi Beira. Kutoka Beira vikapanda treni. Reli ilikuwa imefika maporomoko mwaka 1904, kwa hiyo daraja lilijengwa na njia ileile ambayo lilikuwa linakuja kuiendeleza.

Kazi pale korongoni ilisimamiwa na Mfaransa, Georges Imbault. Shida yake ya kwanza ilikuwa ndogo kuieleza na kubwa kuitatua: unafikishaje kitu upande wa pili? Fataki ilirushwa na uzi mwembamba, uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya, na mwisho ukatandazwa waya mnene wa chuma ambao juu yake kilitembea kiberenge cha umeme chenye uwezo wa kubeba tani kumi. Walikiita Blondin, kwa jina la Mfaransa aliyevuka korongo la Niagara juu ya kamba. Blondin huyu wa chuma alivusha nusu ya daraja, akavusha mataruma na reli, akavusha hata injini ya treni iliyofunguliwa vipandevipande. Hivyo mafundi wa reli wa upande wa kaskazini wakaendelea kutandika njia kuelekea Kalomo wakati daraja halijashikana bado. Nimetazama picha za kazi hiyo mara nyingi, na jicho langu haliendi kwenye chuma. Linakwenda kwa vibarua Waafrika wanaoonekana pembeni, wengi, bila jina hata moja chini ya picha.

Huwezi kuweka jukwaa la mbao chini ya tao juu ya korongo la namna ile. Kwa hiyo kila nusu ilijengwa ikitokeza hewani kutoka upande wake, imefungwa nyuma kwa nyaya zilizozikwa mwambani, na chini yake umetandazwa wavu wa kudakia watu na vyombo. Jioni ya tarehe 31 Machi 1905 nusu mbili zilikutana. Kipande cha mwisho kikagoma kuingia: mchana kutwa jua lilikuwa limekitanua chuma, na ncha zilipishana kwa sentimita tatu hivi. Mtu mwenye haraka angeita msumeno. Imbault aliwaacha watu wakalale. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili, baridi ya usiku ilipokuwa imekirudisha chuma kwenye kipimo chake, kipande kiliingia barabara. Hesabu iliyopigwa maelfu ya kilomita mbali na pale ilikuwa sahihi, ilihitaji tu saa yake.

Daraja lilifunguliwa tarehe 12 Septemba 1905 na Profesa Sir George Darwin, mtoto wa Charles Darwin, aliyekuwa amekuja na chama cha wanasayansi wa Uingereza. Gharama zilikuwa pauni 72,000 hivi. Mwaka uliofuata reli ikafika Broken Hill, Kabwe ya leo. Mwaka 1909 ikafika mpaka wa Kongo, na 1910 ikaingia Élisabethville, mji tunaouita Lubumbashi. Cairo ikasahaulika. Kilichobaki ni biashara: makaa ya Wankie yakapanda kaskazini kwenda kuyeyusha shaba ya Katanga, shaba ikashuka kusini kwenda Beira, na daraja la manyunyu likawa mkono wa mizani kati ya mgodi na mgodi. Mwanzoni lilibeba njia mbili za reli tu. Barabara ya magari iliongezwa kwenye matengenezo yaliyokwisha mwaka 1930, sakafu ikainuliwa na kupanuliwa, njia ya reli ikabaki moja. Mkaazi wa kawaida wa Livingstone, mwenye baiskeli na gunia lake la mahindi, alikumbukwa miaka ishirini na mitano baada ya treni.

Daraja la pili kubwa lina hadithi chungu zaidi. Huko chini, karibu na Sena ileile ya Barreto, Zambezi si korongo tena. Ni uwanda wa mchanga wenye maji yanayobadilisha mkondo kila masika. Nyasaland, Malawi ya leo, haina bahari. Mizigo yake ilishuka kwa reli hadi Chindio, ikapakiwa kwenye stima hadi bandari ndogo ya Chinde. Mwaka 1922 kimbunga kiliivunja Chinde, na mwaka huohuo reli mpya kutoka Beira ikafika ukingo wa kusini. Sasa reli mbili zilitazamana, mto katikati, na mzigo ukawa unashushwa, unavushwa kwa chombo, unapakiwa tena. Kiangazi maji yalikauka mpaka vyombo vikakwama mchangani, masika yakafurika mpaka gati likapotea.

Lakini nani aliyetaka daraja? Wenye reli walilitaka, maana reli ya Beira ilikuwa inapata hasara na hasara hiyo ilikuwa imedhaminiwa na serikali ya Nyasaland, maana yake na mkulima wa Nyasaland anayelipa kodi ya kibanda. Viwanda vya chuma vya Uingereza vililitaka pia. Nchi ile ilikuwa imejaa watu wasio na kazi, na Sheria ya Maendeleo ya Makoloni ya mwaka 1929 haikuficha kwamba fedha zinazotolewa kwa makoloni zinunue bidhaa za Uingereza. Wareno, wenye ardhi pande zote mbili, hawakuwa na haraka. Daraja likajengwa, na Cleveland Bridge walewale ndio walioshika kazi. Mwaka 1935 treni zikaanza kupita juu ya Dona Ana, daraja la kilomita 3.67 kutoka Mutarara hadi Sena, lenye vipande vikubwa 33 vya mita 80 kila kimoja vilivyokaa juu ya nguzo zilizozamishwa ndani sana mchangani. Kwa kipimo chochote ni kazi ya kuvulia kofia. Deni lake liliikaba Nyasaland kwa miaka mingi, koloni maskini likilipia daraja lililoko katika koloni la watu wengine.

Daraja la Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, nitalipita haraka. Alfred Beit, mshirika wa Rhodes katika almasi, alipofariki mwaka 1906 aliacha fedha nyingi kwa ajili ya njia za usafiri za kuelekea kaskazini. Mfuko wake ndio uliolipia daraja la kuning'inia linaloitwa Otto Beit, jina la ndugu yake, lililofunguliwa mwaka 1939 kwenye barabara ya Salisbury, Harare ya leo, hadi Lusaka. Aliyelichora ni Ralph Freeman, ambaye alikwisha kushiriki katika hesabu za tao la maporomoko akiwa kijana. Mwaka 2002 pembeni yake likasimama daraja jipya kwa msaada wa Japani, na mwaka 2009 Chirundu ikawa kituo cha kwanza cha mpaka wa pamoja barani Afrika, ambapo dereva anagongewa karatasi mara moja badala ya mbili. Madereva wa masafa ya Lusaka na Harare watakuambia kwamba mhuri mmoja unaokoa muda kuliko daraja lolote.

Tukirudi maporomokoni, mstari wa mpaka unapita katikati ya daraja, na kwa muda mrefu mstari huo haukumsumbua mtu, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa za bwana mmoja. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, na Ian Smith, mtawala wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, akajitangazia uhuru wake wa wazungu wachache mwaka 1965, daraja likawa koo la nchi mikononi mwa adui. Shaba karibu yote ya Zambia ilizoea kupita kusini. Januari 1973 Smith akaufunga mpaka ili kuiadhibu Zambia kwa kuwahifadhi wapigania uhuru, akiacha mlango kwa shaba peke yake, kwani ushuru wake aliuhitaji. Mwezi uliofuata akabadili shauri, akaufungua. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akakataa kufungua upande wake. Mwenye kufunga alitegemea kuombwa, akaachwa amesimama na ufunguo mkononi.

Kaunda aliweza kufanya hivyo kwa sababu wakati huo Wachina, Watanzania na Wazambia walikuwa wanatandika reli nyingine, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wazungu waliombwa fedha wakasema reli hiyo haitalipa. China ikakopesha bila riba. TAZARA ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Huwa tunaisifu kama kazi ya undugu, na sifa hiyo ni halali yake, ila tusisahau hesabu yake ya kila siku: reli nzima ilijengwa ili nchi moja isilazimike kupita juu ya daraja la mita 198.

Agosti 1975 daraja hilohilo likageuzwa ukumbi wa mkutano. Kaunda na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, walikubaliana kuwakutanisha Smith na viongozi wa African National Council chini ya Askofu Abel Muzorewa, wakiwamo Joshua Nkomo na Ndabaningi Sithole. Smith hakukubali kukanyaga Zambia, na wenzake hawakukubali kuingia Rhodesia, ambako baadhi yao wangekamatwa. Basi reli za Afrika Kusini zikatoa behewa, likasogezwa hadi katikati ya daraja na kupangwa mpaka upite katikati ya meza. Smith na watu wake walikaa upande wao wa mstari, Muzorewa na wenzake upande wa pili, na kila mmoja angeweza kusema kwa ukweli kwamba hakuondoka nyumbani. Chini yao, mita mia na zaidi, maji yalikuwa yanakwenda Msumbiji, iliyokuwa na uhuru wa miezi miwili tu. Siku moja haikupita kabla mazungumzo hayajakwama. Vita viliendelea mpaka mwisho wa 1979.

Vita hivyo vilikuwa vya madaraja na vivuko kama vilivyokuwa vya watu. Mwaka 1978 ukosefu wa mbolea na msongamano wa bandari ya Dar es Salaam vilimlazimisha Kaunda kuifungua tena reli ya kusini, uamuzi ambao Mwalimu Nyerere hakuupenda. Aprili 1979 makomando wa Rhodesia waliizamisha pantoni ya Kazungula, kati ya Zambia na Botswana. Oktoba mwaka huo wakalilipua daraja la TAZARA juu ya Mto Chambeshi, mbali kabisa na Zambezi, ili kuhakikisha kwamba njia ya Dar imekatika na ile ya kusini ndiyo pekee iliyobaki. Huko Msumbiji, katika vita vya waasi wa RENAMO, vipande vya Dona Ana vilianguka mtoni kwa baruti. Daraja ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko yote ya reli barani halikupitisha treni kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1995 Wamarekani walisaidia kulifufua kama barabara nyembamba ya gari moja moja, ukisubiri la upande wa pili lipite, na baadaye reli ikarudishwa ili ibebe makaa ya Moatize hadi Beira. Makaa tena.

Katikati ya mambo haya makubwa kuna daraja ambalo watalii wa maporomokoni hawalioni. Huko Chinyingi, kaskazini-magharibi mwa Zambia, palikuwa na misheni ya Wakapuchini yenye hospitali. Usiku mmoja watu wanne walizama wakijaribu kumvusha mgonjwa. Bruda Crispin Valeri, ambaye hakuwa amewahi kujenga daraja, akaamua litajengwa. Alikwenda kuomba kwenye migodi ya shaba, akapewa nyaya na vyuma, na katika miaka ya 1970 Chinyingi ikapata daraja la kuning'inia la waenda kwa miguu. Linayumba ukipita, na wanaolitumia kila siku hupita na ndoo kichwani bila kushika waya. Katika orodha yote ya madaraja ya Zambezi, hilo ndilo ambalo naweza kumtaja aliyetaka kuvuka bila kutaja mzigo wowote wa kuuzwa.

Sasa angalia ramani ya Msumbiji. Zambezi unaikata nchi vipande viwili. Tete ilipata daraja la kuning'inia miaka ya mwanzo ya 1970, kazi ya Mreno Edgar Cardoso, ambalo leo lina jina la Samora Machel. Lakini kwenye barabara kuu ya pwani, ile inayotoka Maputo kwenda kaskazini, msafiri alifika Caia akakuta pantoni. Mipango ya daraja ilianza baada ya uhuru, vita vikaikatiza. Foleni ya malori Caia ikawa sehemu ya safari, na kuharibika kwa pantoni kukawa habari ya taifa. Hatimaye tarehe 1 Agosti 2009 lilifunguliwa daraja la mita 2,376 kati ya Caia na Chimuara, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Italia, Sweden na serikali yenyewe. Likaitwa Armando Emílio Guebuza, jina la rais aliyekuwa madarakani na aliyelifungua. Mimi ningengoja astaafu kwanza. Hata hivyo tarehe ndiyo inayonishangaza zaidi kuliko jina. Mzigo wa Nyasaland ulipata daraja la reli juu ya Zambezi wa chini mwaka 1935. Mmsumbiji wa Nampula aliyetaka kwenda Maputo kwa basi kwenye barabara hiyo kuu, bila kushuka kwenye maji, alisubiri miaka 74 zaidi. Mwaka 2010 Daraja la Umoja juu ya Ruvuma likaunganisha Mtambaswala na Negomano, na gari likaweza kutoka Mtwara hadi Maputo kwa madaraja matupu, ingawa ubora wa barabara upande wa Negomano ni mazungumzo mengine.

Limebaki Kazungula, mahali ambapo Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia zinakaribiana mpaka ramani inachanganyikiwa. Zambia na Botswana zinagusana hapo kwa mita 150 hivi tu. Mwaka 1970 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliiandikia Botswana kwamba hata hizo hazipo, kwamba nchi hizo mbili hazina mpaka wa pamoja na pantoni yao si halali. Botswana, nchi changa iliyozungukwa na wababe, haikukubali, na pantoni ikaendelea. Ndiyo ile iliyozamishwa mwaka 1979, ikarudi, ikachoka. Mwaka 2003 ajali ya lori lililozidisha uzito iliua watu 18 pale kivukoni. Malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia kwenda Durban yalilala siku nyingi yakingoja zamu, na pembeni ya foleni ukaota mji mzima wa mama lishe, wabadilisha fedha na mawakala wa forodha.

Daraja lililofunguliwa tarehe 10 Mei 2021 lina urefu wa mita 923 na limepinda kama upinde. Mto pale haukulazimisha kupinda. Kilicholazimisha ni mpaka: lingenyooka, lingeingia Zimbabwe, ambayo haikuwa ndani ya mradi. Nguzo zake zikafuata ule ukanda mwembamba ambao makaburu walisema haupo. Kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini ililijenga kwa gharama ya dola milioni 259, sehemu kubwa ikiwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Rais Mnangagwa wa Zimbabwe alihudhuria sherehe kama mgeni, huku akijua vizuri kwamba kila lori litakalopinda hapo ni lori ambalo halitalipa ushuru Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini, wala Chirundu.

Katikati ya daraja hilo, kati ya njia ya magari ya kwenda na ya kurudi, pametengwa njia moja ya reli. Reli ya kuifikia, kutoka Mosetse nchini Botswana hadi Livingstone, imekuwa mezani kwa miaka. Safari hii waliotangulia ni wenye malori, na treni ndiyo inayotakiwa kutafuta mtu wa kuilipia.